Sola ya nyumba ya likizo Katavi: piga hesabu ya Desemba

Kuanzia Juni hadi Oktoba, Katavi haina shida ya jua. Mto Katuma unapungua, na pale Sitalike, kilomita 35 hivi kusini mwa Mpanda kwenye lango la Hifadhi ya Katavi, viboko wanabanana katika madimbwi yaliyobaki. Wenye nyumba za likizo huitumia miezi hiyo kukagua ujenzi na kumwita fundi wa sola. Betri inajaa mapema mchana, na kila mtu anaridhika.

Wageni wanakuja Desemba. Shule zimefungwa, watoto na wajukuu wanatoka Dar es Salaam na Mwanza, na nyumba iliyokaa tupu inalaza watu kumi. Lakini mvua za Katavi huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na zipo siku wingu halifunguki mpaka jioni. Nyumba inahitaji umeme mwingi zaidi wakati jua ni haba. Hapo ndipo sola nyingi hushindwa, hata kama vifaa vyake ni vizima.

Mpanda iliishi miaka mingi kwa mashine za dizeli kabla ya kujengewa njia ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Kwa kiwanja kilicho mbali na nguzo, sola bado ndiyo njia ya haraka.

Anza na karatasi kabla ya kwenda dukani. Taa 6 za wati 7, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 210. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Feni 2 za wati 40 kwa saa 6 ni 480. Simu za wageni weka 60, na friji ndogo isiyokula umeme mwingi weka 600. Jumla ni 1,550 kwa siku. Sehemu hupotea kwenye waya, betri na inveta, kwa hiyo panga kuzalisha kama 2,070.

Ukigawa kwa saa 6 za jua kamili za Julai, utanunua paneli za wati 350. Ukigawa kwa saa 4 za siku ya mawingu, utahitaji zaidi ya wati 510, nunua 600. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama friji itagandisha nyama ya Krismasi.

Betri nayo ibebe siku mbili. Ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 200 ina wati-saa 4,800, nazo zinatosha. Za asidi ni nafuu kununua, lakini usizitumie kupita nusu ya uwezo wake, hivyo utahitaji nyingi zaidi. Pasi, hita ya maji na jiko la umeme viache nje ya hesabu, gesi ipike. Pampu ya kisima iendeshwe mchana ijaze tangi, kwani maji yakiwa juu hayahitaji betri.

Mpanda iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, mvua izioshe vumbi na masizi ya mioto ya kiangazi. Kivuli cha mwembe kikifunika kona moja tu, paneli nzima hudhoofika. Weka waya wa ardhini na kinga ya radi, maana mvua za huku huja na radi kali.

Mkiondoka, zimeni inveta, kwa sababu hula umeme hata pasipo kitu kinachowaka. Betri ya asidi ikiachwa tupu miezi mitatu huharibika. Iacheni ikiendelea kuchajiwa kupitia kontrola. Chumba chake kiwe na hewa na kivuli, kwani joto hufupisha maisha yake, na panya wasiufikie waya.

Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, akuandikie hesabu yote kwa mkono wake. Kisha, kabla ya kumalizia malipo, mwombe awashe kila kitu jioni ya siku ya mawingu, mkasome kipimo cha betri alfajiri. Kama imebaki nusu au zaidi, mlipe; kama imeshuka chini ya nusu, kazi haijakamilika.