Mwendo Ukipungua, Kumbukumbu Nayo?

Popote ulipo, Voi mjini, Mwatate, Taveta au kule juu Wundanyi, karibu tuzungumze kuhusu mzee unayemtunza nyumbani.

Pengine mkono wake hutetemeka hata akiwa ameupumzisha mapajani. Hatua zake zimekuwa fupi, mwili umekakamaa, sauti imefifia. Sasa unaona na jambo jingine: ukimwuliza swali anakawia kujibu, ukimtuma vitu viwili analeta kimoja. Wengine husema ni uzee, wengine ni ukaidi, na wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817.

Usidhani ni ugonjwa wa mbali. Ng'ambo ya mpaka wa Taveta, wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi zaidi ya 161,000. Walipata wagonjwa 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini.

Je, miguu na kumbukumbu vinahusianaje? Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii husaidia viungo kutembea bila taabu, lakini pia husaidia akili kupanga mambo na kuhama kutoka wazo moja hadi jingine. Katika ugonjwa huu seli hizo hufa polepole. Ndipo mwili unapokuwa mzito, na mawazo pia.

Wewe na mimi hutembea bila kufikiria kila hatua. Mgonjwa wa Parkinson hulazimika kufikiria. Ukimsemesha akiwa kwenye mteremko, akili inaiacha miguu ili ikujibu. Husimama ghafla, au huanguka.

Imeonekana pia kwamba wagonjwa ambao shida yao kubwa ni kutembea na kukakamaa huelekea kupata shida ya kumbukumbu mapema kuliko wale ambao shida yao kubwa ni kutetemeka. Si wote, lakini mzee akianza kuangukaanguka, chunguza na kumbukumbu yake.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, mpe jambo moja kwa wakati mmoja. Akitembea, atembee tu. Akitaka kuongea, asimame au aketi kwanza.

Pili, uliza swali fupi, kisha ngoja. Mara nyingi habari imo kichwani, kuifikia ndiko kugumu. Ukimdokezea kidogo, hukumbuka.

Tatu, miguu ikiganda mlangoni, usimvute. Mhesabie moja, mbili, tatu, au mwambie avuke mstari uliouchora sakafuni.

Nne, dawa usimwachie peke yake. Anayesahau anaweza kumeza mara mbili au asimeze kabisa. Mpe kwa saa ile ile kila siku, wala usizikatize ghafla bila daktari.

Tano, kila unapompeleka kutibiwa, sema mapema kwamba ana Parkinson. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za kutuliza akili huzidisha kukakamaa.

Sita, akichanganyikiwa kwa siku moja au mbili tu, au akianza kuona watu wasiokuwapo, usingoje. Yaweza kuwa maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa zenyewe. Mpeleke hospitali haraka.

Ikiwa mzee wako hajapimwa, anzia kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi. Mweleze daktari mambo yote mawili: anavyotembea na anavyosahau. Wengi hutaja kutetemeka tu.

Ugonjwa huu haujapata tiba ya kuumaliza, lakini dawa na mazoezi humrahisishia mgonjwa maisha. Na wewe mlezi, omba jamaa wakupokee zamu, upate kupumzika. Kwaheri, mama.