Magari ya Kilomita Nyingi na Soko la Spea la Dubai

Katika miji ya Afrika Mashariki gari lililotembea kilomita 300,000 huhesabiwa kuwa bado lina kazi mbele yake, na hesabu hiyo inategemea kwa kiasi kikubwa bidhaa zinazopita Dubai na jirani yake Sharjah kuliko inavyotegemea ustadi wa kiwanda kilichounda gari lenyewe. Wenye Hiace, Corolla, Probox na Land Cruiser wanaijua njia hiyo kwa mifuko yao, kwa kuwa spea ikikosekana Kariakoo ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, jibu la muuzaji huwa kwamba mzigo uko njiani kutoka Dubai. Jambo linalozungumzwa kwa nadra ni nani anayebeba hasara pale spea hiyo inapofika na kushindwa kazi baada ya wiki mbili.

Biashara yenyewe imejigawa kwa maeneo. Deira, hasa mitaa ya Naif, ndiko kwenye maduka ya spea mpya, zikiwemo zile zinazoitwa orijino, zile za viwanda vingine vinavyounda kwa vipimo vilevile, na zile za kuiga ambazo hakuna muuzaji anayezitaja kwa jina hilo. Sharjah, katika eneo la viwanda ambalo wenyeji wa Kiarabu na Waafrika pia huliita Sanaiya, ndiko magari yaliyopata ajali au kufutwa na bima yanakochinjwa, yaani kufunguliwa kipande kwa kipande na kuuzwa injini, giaboksi, milango na taa kila kimoja peke yake. Ras Al Khor ya Dubai, kwa upande wake, ina eneo huru la magari lililoanzishwa mwaka 2000, ambako magari yaliyotumika, mengi yakiwa ya usukani wa kulia kutoka Japani, huegeshwa kusubiri mnunuzi wa nje, kwa sababu gari la usukani wa kulia haliwezi kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida katika nchi inayoendesha upande wa kulia wa barabara.

Tofauti hiyo ya usukani ina uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Injini na giaboksi ya gari lililochinjwa Sharjah mara nyingi huingia bila taabu katika gari la Dar es Salaam au Mombasa, lakini mfumo wa usukani, dashibodi na mikono ya waipa havilingani, na taa za mbele, ambazo ndizo hununuliwa zaidi baada ya ajali ndogo, zimeundwa kumulika chini huku mwanga ukipanda kidogo upande wa kulia ili kuonyesha ukingo wa barabara. Taa hiyo ikifungwa kwenye gari linaloendeshwa kushoto humwelekezea mwanga dereva anayekuja mbele, na fundi wa gereji hawezi kulirekebisha hilo kwa bisibisi, kwa kuwa kosa limo ndani ya kioo chenyewe. Taa hizo huuzwa hata hivyo, kwa sababu ni za bei nafuu na kwa macho zinafanana.

Kuhusu kilomita, mafundi wa pande zote mbili za bahari wanakubaliana kwamba namba iliyo kwenye dashibodi ni kipimo dhaifu. Gari lililokuwa likisafiri kila siku kati ya Dubai na Abu Dhabi, umbali wa takriban kilomita 140, huzungusha injini yake kwa mwendo ulio sawa na joto lililotulia, na linaweza kufikisha kilomita 400,000 likiwa na silinda zenye afya kuliko gari la kilomita 150,000 lililokaa kwenye foleni huku kiyoyozi kikifanya kazi, kwa kuwa injini inayonguruma gari likiwa limesimama huchakaa bila kuongeza hata kilomita moja kwenye mita. Kwa hesabu hiyohiyo, daladala au matatu inayokimbia kilomita 250 kwa siku kwa siku 300 za mwaka hufikisha kilomita 75,000, na ikiwa oili inabadilishwa kila baada ya kilomita 5,000, mwenye gari anapaswa kununua oili na filta mara 15 kwa mwaka. Hapo ndipo faida ya gari kuukuu inapopatikana au kupotea. Mfano unaotajwa sana duniani, wa mwalimu mstaafu wa Marekani ambaye gari lake la Kiswidi la mwaka 1966 lilivuka maili milioni 3 mwaka 2013, unathibitisha jambo hilohilo, kwa sababu mwenyewe alikuwa mtu wa kubadilisha oili kwa wakati na wa kusikiliza sauti ya injini, na spea sahihi zilikuwa zikipatikana.

Filta ya oili ndiyo mahali pazuri pa kuuona udanganyifu kwa karibu. Ndani ya kopo la filta iliyo halali kuna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi iliyobanana, springi, na utando wa mpira unaozuia oili isirudi chini injini inapozimwa, ili asubuhi injini inapowashwa oili ifike juu kwenye vali mara moja. Ile ya kuiga huwa na mikunjo michache, gundi iliyomwagika ovyo, na mpira ambao hukakamaa upesi au haupo kabisa. Kwa nje rangi, maandishi na hata alama ya kung'aa kwenye boksi hufanana kiasi cha kumchanganya muuzaji wa jumla mwenyewe. Injini haifi siku hiyo. Hukauka oili sekunde chache kila inapowashwa, kwa miezi, hadi beringi za kishikio cha pistoni zianze kugonga, na wakati huo hakuna anayekumbuka filta ilinunuliwa wapi.

Ofisa mmoja anayehusika na ukaguzi wa bidhaa, ambaye alizungumza kwa sharti la kutotajwa, anashikilia kwamba spea za kuiga zimepungua sana sokoni, na ushahidi anaoutoa ni kwamba shehena zinazokamatwa zinaongezeka. Maelezo hayo yana kasoro iliyo wazi, kwa kuwa shehena inayokamatwa huonyesha bidii ya mkamataji tu, wala haisemi chochote kuhusu shehena iliyopita. Ikiwa kinachokamatwa kinaongezeka, msomaji ana haki ya kudhani pia kwamba kinachoingia kimeongezeka. Alipoulizwa ni sehemu gani ya mizigo inayokwenda Afrika Mashariki hufunguliwa na kukaguliwa kabla ya kontena kufungwa, ofisa huyo alijibu kwamba ukaguzi hufanywa kwa kuangalia hatari, maana yake wanachagua baadhi ya mizigo kwa vigezo ambavyo havitangazwi. Jibu hilo huenda ni la kweli kabisa, ila halimsaidii fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam.

Manung'uniko yenye uzito zaidi yanatoka kwa mfanyabiashara mmoja wa spea zilizotumika, mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye hukusanya injini Sharjah na kuzipakia kwenda Dar es Salaam na Mombasa. Kwa maelezo yake, wauzaji wa Sanaiya huuza injini kama ilivyo, na dhamana wanayotoa, ikiwa ipo, ni ya siku chache za majaribio ambazo humalizika kabla kontena halijaondoka bandari ya Jebel Ali. Mnunuzi wa nyumbani, kwa upande wake, hufunga injini hiyo wiki nyingi baadaye, na ikivuta moshi au kula oili humrudia yeye, ambaye hana wa kumrudia. Analalamika kwamba kila mtu katika mnyororo huo analindwa na umbali isipokuwa yeye. Dai hilo si la kukubaliwa lote, kwani wenzake wengi huwajibu wateja wao kwa maneno yaleyale waliyoambiwa Sharjah, na mwishowe mzigo humwangukia mwenye gari.

Mfanyabiashara huyo analalamikia pia kodi. Tangu Januari 2018, Umoja wa Falme za Kiarabu unatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na bidhaa zinazosafirishwa nje kisheria hutozwa asilimia sifuri, mradi msafirishaji awe na karatasi za kuthibitisha kwamba zimetoka nchini. Mfanyabiashara huyo anasema kwamba anaponunua injini 1 hapa, giaboksi 2 pale na milango kwa muuzaji wa tatu, hupewa stakabadhi zisizotosha, au hapewi kabisa, na hivyo kodi ambayo kwa sheria haikumhusu hubaki ndani ya gharama yake. Wenye kampuni kubwa, anasema, hawalijui tatizo hilo. Kuhusu hili hoja yake inaonekana kuwa na msingi, ingawa inafaa kuongeza kwamba biashara ya mkononi bila stakabadhi ndiyo hiyohiyo inayomwezesha kupata bei anayojivunia.

Kisha ipo sarafu. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, kwa hiyo bei ya Deira ni bei ya dola kwa jina lingine, na shilingi inapoyumba spea hupanda bila muuzaji wa Dubai kugusa bei yake. Mapema mwaka 2024 shilingi ya Kenya ilifikia karibu 160 kwa dola kabla ya kurejea kwenye takriban 130 baadaye mwaka huohuo. Wanunuzi wa Nairobi wanasema bei zilizopanda wakati ule hazikushuka kwa kasi hiyohiyo, na wauzaji husema walikuwa bado wanauza mzigo walioununua kwa dola ghali. Maelezo hayo hutolewa kila mara, na kila mara huwa ya kweli nusu.

Suala lingine la hatari ni magari ya mafuriko. Mvua ya tarehe 16 Aprili 2024, kubwa kuliko zote zilizorekodiwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu kwa miaka 75, ilizamisha magari mengi ya Dubai na Sharjah, na yaliyofutwa na bima yalihitaji pa kwenda. Gari lililozama likioshwa na kukaushwa huwaka na kutembea vizuri kwa muda, huku viunganishi vya nyaya vikila kutu polepole na kompyuta ya injini ikianza kutoa hitilafu zisizoeleweka. Mafundi hushauri mnunuzi aangalie chini ya mazulia, ndani ya tundu la tairi la akiba na kwenye vishikizo vya mikanda ya usalama iliyovutwa hadi mwisho, kwani matope hubaki mahali ambapo mwoshaji hafiki. Spea za umeme zilizotolewa katika magari hayo hazina alama yoyote ya kuzitambulisha zikishawekwa kwenye rafu.

Kwa injini, uchunguzi unawezekana zaidi. Mnunuzi mzoefu hufungua kifuniko cha oili kutazama kama kuna tope jeusi au povu la rangi ya maziwa, ambalo ni dalili ya maji kuchanganyika na oili kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi kuungua. Hutazama kama kuna gundi mpya pembezoni mwa vifuniko, maana yake injini ilishafunguliwa. Kisha hutoa plagi na kupima mgandamizo wa kila silinda, akijali zaidi tofauti kati ya silinda na silinda kuliko kiwango chenyewe. Wauzaji wengine hukataa kipimo hicho, na kukataa huko ni jibu tosha. Ni vyema pia kukumbuka kwamba joto la kiangazi la Ghuba, linalopita nyuzi 45, hukausha mipira, bushi na mipaipu hata kwenye gari lililotembea kidogo, kwa hiyo busara ni kununua chuma kutoka Ghuba na mpira uwe mpya.

Mustakabali wa biashara hii unategemea zaidi sheria za nchi zinazonunua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 yanayozidi miaka 15, na Tanzania imechagua kuyatoza ushuru wa ziada magari yaliyochakaa badala ya kuyafungia mlango. Maofisa hueleza sheria hizo kuwa zinapunguza uchakavu barabarani, lakini gari likishaingia hakuna kikomo cha umri kinacholifuata, na kadiri uingizaji unavyokuwa ghali ndivyo yaliyomo yanavyotunzwa kwa miaka zaidi, jambo linalowafaa wauza spea. Kwa upande mwingine, magari ya Kichina na ya umeme yanaongezeka katika barabara za Dubai, na yatakayochinjwa Sharjah baada ya muongo mmoja huenda yasifanane na yanayotembea Tabora au Kisumu. Wafanyabiashara waliohojiwa hawakubaliani kuhusu hilo. Wengine wanaamini Japani itaziba pengo, wengine wameanza kuagiza moja kwa moja kutoka Guangzhou.

Kwa sasa, anayeagiza injini kutoka Sharjah anabeba hatari peke yake, na hakuna kanuni ya upande wowote wa bahari inayoelekea kumpunguzia mzigo huo. Anayeweza kumtuma mtu mwenye kipimo cha mgandamizo, na stakabadhi yenye namba ya injini iliyoandikwa kwa ukamilifu, na afanye hivyo kabla ya kutuma fedha.