Mpwa Akibeba Kuku

Katika mila nyingi za mashariki ya Kongo, mtoto wa dada akifika kwa mjomba wake haombi. Anaingia uani, anamkamata kuku amtakaye, anamfunga miguu na kuondoka naye. Mke wa mjomba akilalamika, yeye ndiye anayechekwa. Mpwa hakuiba, kachukua chake.

Asiyeyajua haya atapata taabu kuzielewa siasa za Kabambare. Mama yake Joseph Kabila, Sifa Mahanya, ni Mbangubangu, na Kabambare ndiko kwa Wabangubangu. Basi mtu aliyeitawala nchi tangu Januari 2001 hadi Januari 2019, kwa watu wa huku kusini mwa Maniema hakuwa rais tu. Alikuwa mtoto wa dada. Mwaka 2006, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ambao kizazi kile kilikuwa kimeushuhudia, karibu kura tisa katika kila kumi za Maniema zilikwenda kwake. Mwaka 2011 alishinda tena mkoani kwa kishindo, ingawa waangalizi wa ndani na wa nje waliulalamikia sana uchaguzi ule.

Watu wa Kinshasa wana jibu rahisi: wanakijiji walihongwa. Ni kweli tisheti zilikuja, vitenge vyenye picha ya mkubwa vilikuja, na chumvi pia. Lakini ambaye amewahi kuona msafara wa kampeni ukihangaika na barabara ya Kasongo hadi Kabambare wakati wa mvua anajua kwamba zawadi zile hazikufika hata nusu ya vijiji, na zilikofika zilikuwa zimeshapunguzwa njiani. Kama wale watu walinunuliwa, basi walinunuliwa kwa bei ya aibu. Mimi naona hawakununuliwa. Walionunuliwa ni wengine, na nitawafikia.

Kwanza vita. Oktoba 1998 waasi wa RCD, wakiungwa mkono na Rwanda, waliuteka mji wa Kindu, na Maniema ikawa mkoa uliogawanyika: miji mikononi mwa RCD, misitu mikononi mwa wanamgambo wa Mai-Mai, na raia katikati. Kasongo ilizingirwa, mashamba yakaachwa, watu wakala walichookota. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kusimuliwa maana ya dola isiyokuwapo. Mwaka 2003 nchi ikaunganishwa tena chini ya serikali ya mpito, na mkuu wake alikuwa kijana huyu asiyesema sana, anayezungumza Kiswahili, ambaye mama yake anatoka huku. Ukimwuliza mzee wa Kabambare kwa nini alimpigia kura 2006, hatataja barabara wala hospitali. Atakueleza kwamba chini ya Kabila aliweza kwenda shambani na kurudi.

Hapo ndipo uaminifu kwa mtawala wa mkono mzito huota mizizi, na wasomi wengi huparua juu tu. Mfuasi hapimi alichopewa. Anapima alichoepushwa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mtu aliyekwisha kuliwa na mazimwi asiyoyajua atalikumbatia lile linalomwita mjomba. Ukianza kumhesabia makosa ya mkubwa wake, hasikii hesabu. Anasikia kwamba unataka kumrudisha 1998.

Jambo hili si la Kabambare peke yake. Gbadolite wamebaki wakimlilia Mobutu miaka mingi baada ya Kinshasa kushangilia kuondoka kwake. Baringo haikumtupa Moi hata pale Nairobi na Mlima Kenya walipompa kisogo mwaka 1992. Ilocos Norte huko Ufilipino ilimtunza Ferdinand Marcos mpaka mwanawe akaingia ikulu mwaka 2022. Lakini Maniema ina kisa cha zamani zaidi, nacho kimeandikwa kwa lugha yetu wenyewe.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, anasimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyoipata Utetera mwanzoni mwa miaka ya 1870. Alikuwa amesikia kwamba mtawala mzee wa nchi ile, Kasongo Rushie, alipotelewa na dada zake vitani zamani za kale, wakachukuliwa mateka. Tippu Tip akajitokeza na kudai kwamba mmoja wa dada wale ndiye bibi yake, kwa hiyo yeye ni damu ya nyumba ile. Ulikuwa uongo, naye mwenyewe anausimulia bila haya, kama mfanyabiashara anayekumbuka bei nzuri. Mzee akafurahi kupata mjukuu, akamkabidhi utawala, na pembe za ndovu zikaanza kuingia. Miaka michache baadaye bwana huyu alikuwa na makao yake Kasongo, na Kabambare ikawa kituo kwenye njia ya misafara iendayo Ujiji na pwani.

Angalia njia aliyopitia: damu ya dada. Hakujitangaza mfalme wala mshindi, ingawa bunduki alikuwa nazo. Alijua kwamba utii wa bunduki unahitaji mlinzi kila usiku, na utii wa ukoo hujilinda wenyewe. Tofauti na Kabila ni kwamba undugu wa Kabila ni wa kweli. Ila kuku, nadhani, hajali kama mpwa ni wa kweli au wa kubuni.

Kisa hicho kina sehemu ya pili, isiyosimuliwa sana barazani. Tippu Tip aliondoka kwenda Zanzibar mwaka 1890, akamwachia mwanawe Sefu mambo ya Kasongo. Jemadari wake mkubwa, Ngongo Lutete, aliyekuwa amevuna nguvu zake zote chini ya himaya ile, akahamia upande wa Wabelgiji mwaka 1892. Tarehe 22 Aprili 1893 Kasongo ikaanguka, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Ngongo hakuyaona hayo ya mwisho, kwa kuwa Septemba 1893 wale wale aliowahamia walimshuku usaliti wakampiga risasi. Julai 1895 askari waliokuwa watu wake, wakati huo wakiwa wanajeshi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Luluabourg, waliasi, na mojawapo ya madonda yao lilikuwa kuuawa kwa bwana wao. Alikuwa na karibu miaka miwili kaburini. Jemadari alimwacha mkubwa wake mara tu upepo ulipogeuka, na askari wa chini wakamlilia wa kwao hata alipokuwa hana cha kuwapa.

Sasa turudi karibu. Tarehe 8 Agosti 2018, baada ya miaka miwili ya kusogeza uchaguzi ambayo Wakongo waliiita kuteleza, Kabila alimtaja mrithi wake: Emmanuel Ramazani Shadary, mtoto wa Maniema, aliyewahi kuwa gavana wa mkoa na mbunge wa Kabambare. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshamwekea vikwazo tangu Mei 2017 kwa jinsi waandamanaji walivyokandamizwa alipokuwa waziri wa mambo ya ndani. Huku kwao vikwazo hivyo vilionekana kama nishani. Kitaifa alipata asilimia 23.8 na kushika nafasi ya tatu. Félix Tshisekedi akatangazwa mshindi.

Hata hivyo muungano wa Kabila, FCC, ulibaki na zaidi ya viti 300 kati ya 500 bungeni. Mtu angedhani huo ni ukuta. Tarehe 10 Desemba 2020 spika Jeanine Mabunda aliangushwa kwa kura 281 dhidi ya 200. Tarehe 27 Januari 2021 waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba aliangushwa kwa kura 367. Katika wiki saba tu watu waliokuwa wakiapa kwa jina la Kabila waligundua kwamba walikuwa wakimpenda Tshisekedi siku zote. Magari yao yalikuwa mapya, suti zao nzuri. Walioguswa na fedha ndio walioondoka kwanza. Mzee wa Wamaza, huko Kabambare, ambaye hakupata hata chumvi alibaki pale pale.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba tatizo la demokrasia yetu ni ujinga wa wapiga kura wa vijijini, huwa nauliza rushwa inafanya kazi wapi hasa. Inafanya kazi kwenye mlango mwembamba. Gavana na maseneta wetu hawachaguliwi na wananchi, wanachaguliwa na wabunge wa mkoa, na wa Maniema wangetosha ndani ya basi moja. Kuwapa matabishi watu wa basi moja ni kazi ya usiku mmoja hotelini Kindu. Machi 2019 lawama za kununuliwa kwa kura za useneta zilivuma nchi nzima mpaka Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuanza kazi kwa maseneta. Baadaye wakaanza. Kuinunua teritwari nzima ya Kabambare, kutoka Lulindi hadi Salamabila, ni biashara nyingine, na hakuna mfuko unaotosha. Hapo inabidi uwe na kitu kingine, uwe mpwa, au uwe umemaliza vita.

Kuna kitu kidogo ambacho wapinzani wa demokrasia hukidharau, na marafiki zake pia. Kura zikishahesabiwa, fomu ya matokeo inabandikwa mlangoni pa kituo, mara nyingi darasa la shule ya msingi lenye ubao uliopasuka. Mashahidi wa vyama wanatia sahihi. Yeyote anayejua kusoma tarakimu anasimama hapo na kunakili. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walipeleka waangalizi 40,000, na Januari 2019 walisema wazi kwamba matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale waliyoyakusanya. Hawakusikilizwa, na Martin Fayulu, mgombea wa upinzani aliyesema ushindi ni wake, hajawahi kukikalia kiti cha rais. Lakini karatasi zile za milangoni zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba hata aliyekuwa na jeshi, hazina na tume ya uchaguzi hakuthubutu kumtangaza mtu wake aliyekuwa wa tatu. Na ibara ya 220 ya Katiba ya 2006, inayokataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais, ilisimama. Watu walikufa kwa ajili yake barabarani Januari 2015 na tena 2018. Kabila aliondoka. Leo Tshisekedi naye, tangu hotuba yake ya Kisangani ya Oktoba 2024, anazungumzia kuibadilisha katiba hiyo, na wale wa basi jipya wanapiga makofi.

Maniema ina mtoto mwingine mkubwa, Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu wa 2012 hadi 2016, ambaye Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu miaka kumi ya kazi ngumu katika kesi ya fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. Mwenyewe alisema kesi ni ya kisiasa, na wafuasi wake wanasema hivyo hivyo. Pengine ina siasa ndani yake. Mradi wenyewe, uliopaswa kuilisha Kinshasa, uliota majani. Sioni kwa nini moja lifute lingine, ila ukisema hivyo Kindu utaulizwa kwanza ukoo wako.

Lakini mtihani mkubwa wa Kabambare umekuja mwaka huo huo wa 2025. Aprili serikali ilisimamisha shughuli za chama cha Kabila, PPRD. Mei 22 Seneti ilimwondolea kinga, na siku chache baadaye akaonekana Goma, mji uliokuwa mikononi mwa waasi wa M23. Septemba 30 mahakama kuu ya kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo, kwa uhaini na makosa mengine. Hukumu peke yake isingewatikisa wajomba. Wamezoea kuona wa kwao wakisakamwa na Kinshasa, na kesi iliyosikilizwa bila mshitakiwa haimshawishi mtu asiyetaka kushawishika. Kilichowakwama kooni ni Goma. M23 inatokana na kundi la CNDP, na CNDP ilizaliwa na watu wa RCD, wale wale wa 1998. Mpwa aliyependwa kwa kuwa aliondoa njaa ya Kasongo amekwenda kuketi katika nyumba ya walioileta.

Barazani mazungumzo yakifika hapo hupungua sauti. Hakuna anayesema huyu si wetu, kwa sababu damu haifutwi kwa habari ya redio. Mmoja atasema labda alikwenda kuleta amani. Mwingine atakumbusha kwamba kwa mila ile ile ya kuku, mjomba ndiye mwenye haki ya kumkemea mpwa, na laana ya mjomba inaogopwa kuliko ya baba. Kisha wanakunywa chai. Katika miaka yote kumi na minane ya utawala wake, sijasikia ujumbe wa wajomba uliofunga safari kwenda Kinshasa kukemea.

Vijana wao wako Salamabila, karibu na mgodi wa Namoya, ambako kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara mwaka 2016 na kusimamisha kazi 2019 baada ya mashambulizi ya Mai-Mai. Wanachimba kwa mikono. Wengi walizaliwa baada ya 2003, RCD kwao ni hadithi ya mama, na kura yao ijayo ya rais, katiba ikiachwa ilivyo, ni ya 2028. Jioni wanakaa mbele ya mnunuzi na mzani wake mdogo, wanauinamia mpaka pua ziguse kioo, wanabishana juu ya sehemu ya gramu. Mnunuzi akiwa ndugu, wanauinamia karibu zaidi.