Mnara wa FM unavyodanganya kipimo cha antena yako

Ukiwa Baray, bondeni upande wa Ziwa Eyasi, vilima vinakata mawimbi ya VHF. Ndiyo maana mwenye redio ya ridhaa (wale wanaowasiliana bila biashara, kwa leseni ya TCRA) hutamani kupandisha antena juu, kuelekea Karatu. Tatizo ni kwamba sehemu za juu hupendwa pia na vituo vya FM.

Kipimo kidogo kama NanoVNA hutuma kwenye antena nguvu isiyofika miliwati 1, kisha kinasikiliza kiasi kinachorudi. Mnara wa FM unaweza kurusha mamia ya wati kati ya 87.5 na 108 MHz. Antena yako ya 145 MHz inayadaka hayo pia na kuyaingiza kwenye kipimo. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona mbele ya spika za harusi.

Utajuaje?

Funga kwanza ile plagi ya omu 50 inayokuja na kipimo. SWR ikisoma karibu na 1 na kutulia, kipimo ni kizima. Sasa funga antena. Mchoro ukiwa na menomeno na namba zikirukaruka kila ukirudia, usikate waya bado! Huenda antena haina kosa.

Fanya hivi

1. Weka kichujio cha kuzuia FM kati ya antena na kipimo. Kisha fanya kalibresheni upya pale antena inapochomekwa, baada ya kichujio. Usipofanya hivyo, utapima na kichujio chenyewe.

2. Sogea mbali. Pakiwa wazi, ukizidisha umbali mara mbili, nguvu ya mnara inayokufikia inashuka hadi robo. Ila rudia kipimo antena ikishafungwa mahali pake, maana kimo na mabati ya jirani hubadilisha SWR.

3. Tumia redio yenyewe kwa wati 5 pamoja na mita ya SWR. Hiyo ni zaidi ya mara 5,000 ya nguvu ya kipimo kidogo. Kabla ya kubonyeza, mshale uwe sifuri. Ukiwa umepanda, ujue mnara unaingia hata huko. Hakikisha masafa hayana mtu, taja namba yako ya kituo, na usirushe muda mrefu.

Mtego wa kuepuka

Kuna wanaoweka kipunguza nguvu cha desibeli 10 bila kalibresheni mpya. Namba zinatulia kweli, lakini mawimbi yanapunguzwa yakienda na yakirudi. Hata waya uliokatika utaonyesha SWR ya kama 1.2. Utafurahi, kisha utaiunguza redio.

SWR halisi ya 3 maana yake robo ya nguvu inarudi kwenye redio. Ukiwa bondeni na unaomba msaada, hiyo robo unaihitaji hewani.