Usimwambie 'sahau', msaidie kukumbuka

 Kama mambo si shwari, pole, maana safu ya leo inakuhusu wewe kuliko mtu mwingine.

Mtaani kwetu kuna dogo mmoja, wakati huo alikuwa na miaka 15. Nyumba yao iliungua usiku, mdogo wake hakutoka. Baada ya msiba, sisi washikaji zake kila tukimwona tunamwambia, "Mwanangu, sahau, maisha yanaendelea." Naye anaitikia kwa kichwa. Kumbe usiku anaruka kitandani akipiga kelele, na mchana moshi wa jiko tu unamtoa jasho. Ukimwuliza habari za Idi iliyopita au mechi tuliyoshinda, anajibu, "Ilikuwa poa tu." Basi. Hana stori. Wengine wakaanza kusema analeta mapozi, wengine eti kachezewa.

Miaka imepita ndipo nikaja kusoma kazi za wataalamu, nikajiona nilivyokuwa mjinga. Yule dogo hakuhitaji kusahau. Alihitaji kufundishwa upya kukumbuka.

UBONGO UNAPOFUNGA MADIRISHA

Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza, Mark Williams, na mwenzake Keith Broadbent waliwapa watu waliokuwa wamejaribu kujiua maneno ya kawaida, wakawaomba kwa kila neno wataje tukio moja lililowahi kuwapata. Wengi walikwama. Badala ya kutaja siku fulani, walijibu kwa jumla jumla. Baadaye tabia hiyo hiyo ikaonekana kwa watu wenye kiwewe, yaani walionusurika vita, ajali au mambo mengine ya kutisha.

Kwa nini? Ubongo unakwepa maumivu. Ukikaribia undani wa siku ile mbaya, unakimbia. Ukishazoea kukimbia, unayakimbia hata yale mazuri. Ni kama mtu anayeogopa wezi akapigilia misumari madirisha yote. Mwizi anaingia kwa mlangoni kama kawaida, na yeye mwenye nyumba hewa hana! Tukio baya linamjia bila hodi, ndotoni na mchana kweupe, ila siku zake nzuri hazioni tena. Na asiyeiona jana yake atapangaje kesho?

MAZOEZI YENYEWE

Mwaka 2009 Filip Raes wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake walitoa mazoezi ya kumbukumbu. Asikwambie mtu, hayana mashine wala sindano. Watu wanakaa kwenye kikundi, kiongozi anatoa neno, tuseme "rafiki". Ukijibu, "Shuleni nilikuwa na marafiki wazuri," hujapata. Anataka siku moja, mahali pamoja. "Jumatatu tuliyofungua shule mvua ilinyesha, rafiki yangu akanikatia nusu ya chapati yake, tukala chini ya ngazi." Hapo sawa! Nani alikuwepo? Ulivaa nini? Ulisikia harufu gani? Wanaanza na maneno mepesi, ya machungu yanafuata baadaye, na kila mtu anaondoka na kazi ya kufanya nyumbani.

Mwaka 2013 ilitoka ripoti ya vijana 23 wa Afghanistan, wakimbizi nchini Iran, waliopoteza baba zao vitani na kuzama kwenye sonona. Waliopewa mazoezi hayo walikutana mara moja kwa wiki, wiki tano. Miezi miwili baadaye, sonona yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuyapata.

Halafu ikaja Kabul kwenyewe, mji ambao vijana wamekulia kwenye milipuko, na tangu 2021 wasichana wamefungiwa shule za sekondari. Huko yakatumika mazoezi yanayoitwa METRA, vikao 10. Kwanza wanajifunza kukumbuka kwa undani kama nilivyoeleza. Wakishapata nguvu, wanaliandika lile tukio lenyewe lililowaumiza. Ripoti yake ya 2023 ilihusu vijana 125 wa miaka 11 hadi 19. Wasichana waliopitia METRA walipata nafuu ya kiwewe kuliko waliopewa huduma za kawaida, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Mazoezi hayakufuta vita. Hayakufungua shule. Lakini vichwani mwao hewa ilianza kuingia.

WEWE JE?

Usije ukamkalisha mdogo wako leo jioni ukamlazimisha akusimulie siku ya ajali. Hapana! Kazi hiyo ina watu waliofundishwa, unaweza kumtonesha kidonda ukashindwa kukifunga. Kama ndoto mbaya, kushtuka shtuka na kujitenga vimepita mwezi mmoja, mpeleke hospitali, uliza kitengo cha afya ya akili. Si uchizi, na wala si aibu.

La kwako wewe ni dogo tu. Acha wimbo wa "sahau". Mwulize siku nzuri, moja, yenye jina. Akisema "ilikuwa poa", usimkatie tamaa. Mwulize nani alikuwepo.

Juzi nilimkuta dogo wetu kijiweni, siku hizi kawa mtu mzima. Nikamwuliza, "Ile siku tulikwenda kuogelea baharini, nani alipoteza kandambili?" Akanyamaza, macho chini. Nikajua nimeharibu. Mara akacheka.

"Si wewe! Ya kushoto, ya bluu. Ulirudi nyumbani unaruka mguu mmoja, mdogo wangu akawa anakuiga nyuma yako."

Ni mara ya kwanza kumsikia akimtaja mdogo wake akiwa anacheka.