Kifaa cha setilaiti hakimwondolei mwanafunzi kazi ya kupima

MWANAFUNZI wa sayansi ya mazingira anayeingia katika msitu wa mikoko wa Gazi, Kaunti ya Kwale, akiwa na simu mkononi huelekea kudhani kwamba kazi imekwisha kabla hajalowa miguu. Kialama cha samawati kwenye kioo humwonyesha aliposimama. Jambo la kwanza analopaswa kufunzwa ni kukitilia shaka kialama hicho.

Hadi Mei 2000, serikali ya Marekani iliyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yaliyowafikia raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Siku hizi simu ya kawaida, chini ya anga wazi, hukosea kama mita 5 hivi. Chini ya majani mazito kosa huzidi, kwa kuwa mawimbi huzuiwa, au hugonga miti na kupotoka. Katika kipande cha utafiti cha mita 10 kwa 10, kukosea mita 5 kwaweza kulifanya nusu ya eneo liangukie miti mingine kabisa. Ndiyo maana mwanafunzi huelekezwa kusimama kwa dakika kadhaa na kutafuta wastani wa vipimo vingi, kisha kupigilia vigingi pembeni na kupima kingo kwa dira na utepe. Dira, naam, ingali na kazi.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, halitoki angani bali kabatini. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Nambari zile zile zikisomwa katika mifumo hiyo miwili huonyesha mahali pawili palipoachana kwa takriban mita 300. Kwenye karatasi hizo ni milimita 6 tu, lakini ufukoni zatosha kuutosa msitu baharini. Programu ya QGIS, isiyolipiwa, hurekebisha tofauti hiyo mara moja, mradi mtumiaji aieleze kwa usahihi data yake ilitoka katika mfumo upi.

Hapo Gazi suala hili si la darasani pekee. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, wanakijiji huuza haki za hewa ya ukaa kutokana na hekta 117 za mikoko, na mapato yamesaidia maji na shule. Kiasi cha kaboni hukadiriwa kwa unene wa miti na ukubwa wa eneo. Mpaka ukihama kwenye ramani, hesabu nayo huhama.

Unene wa mchu hupimwa kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenye mizizi ya kuning'inia hupimwa juu ya mizizi hiyo. Na yote hayo sharti yafanywe maji yakiwa yamekupwa, kwa hivyo mkufunzi mwangalifu hutazama jedwali la maji kabla ya kuagiza basi.