Gitare ya umeme ikinyamaza, tusiitupe mbio

Gitare ya zamani ikikoroma ama ikinyamaza, watu wanasema: «Imekufa.» Tunapenda kuwaeleza kwamba mara nyingi ingali nzima.

Chini ya nyuzi kuko mikro: ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka, kunazaliwa kuran kidogo sana. Kuran hiyo inapita kwenye vifungo vya sauti, inatokea kwenye tundu la kable, inaingia katika amplifikateri. Basi tutafute ugonjwa katika njia hiyo, hatua kwa hatua.

Kwanza, tujaribu kable ingine. Pili, tuzungushe vifungo: vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi tu, na dawa ya kusafisha kontakti inatosha. Tatu, tutoe kable, ndipo tufungue tundu. Waya wa pale unakatika mara nyingi, juu kable inavutwa-vutwa. Tunaufunga tena kwa etani na chuma cha kusude, tukigusa sekunde chache tu. Tusitie asidi ya mafundi wa mabati: inakula shaba.

Mikro ya asili tusiibadilishe bila sababu, maana sauti ya gitare iko mule.

Lakini amplifikateri tusiifungue sisi wenyewe! Hata ikiisha kutolewa kwenye prizi, kuran yenye kuua inaweza kubaki ndani ya kondansateri. Hiyo ni kazi ya fundi. Gitare ingine itapatikana. Ndugu yetu hatapatikana tena.